MAONI: Serikali inakisia mapato ya wazazi wako, na inakisia vibaya

Hebu jibu haraka bila kupiga simu nyumbani: kwenu wanapata pesa ngapi kwa mwezi?

Kama wazazi wako wameajiriwa na hupokea payslip, pengine unaweza kukisia. Lakini kama kwenu ni Kuresoi, Molo, Njoro au Subukia, na familia inategemea shamba, ng'ombe mmoja au wawili na kibarua cha hapa na pale, najua umekwama. Si wewe tu. Hata mathe mwenyewe ukimuuliza atacheka kwanza, kisha akuulize, "Mwezi upi?"

Swali hilo la mathe lina akili kuliko fomu nyingi za serikali. Ndiyo maana leo nataka tuongee kuhusu jambo linaloonekana kama la wataalamu wa takwimu pekee, ilhali ndilo linaamua karo yako ya chuo na ada ya bima ya afya ya wazazi wako. Mapato ya familia ya kawaida mashambani hupimwa vipi? Na je, nambari ya mwaka huu inaweza kulinganishwa na ya miaka kumi iliyopita?

Tuanze na ile iliyowachoma wengi wetu. Mfumo mpya wa kufadhili wanafunzi wa vyuo vikuu ulipozinduliwa 2023, wanafunzi waliwekwa kwenye makundi kulingana na uwezo wa familia. Kufikia 2024 makundi yakawa bendi tano. Bendi ya kwanza ni ya familia yenye mapato yasiyozidi Sh5,995 kwa mwezi. Ya pili inaishia Sh23,670, ya tatu Sh70,000, ya nne Sh120,000, na ya tano ni ya walio juu ya hapo. Tofauti yake si mchezo: familia ya bendi ya kwanza hutakiwa kutoa asilimia 5 ya gharama ya kozi, ile ya bendi ya tano asilimia 40. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo huo unakiuka Katiba, serikali ikakata rufaa. Hayo ya mahakama tuwaachie mawakili. Mimi nataka tuzitazame hizo nambari.

Nani hupanga kiwango cha umaskini akaandika 5,995? Kwa nini si 6,000, hesabu iwe rahisi?

Fungua ripoti za Shirika la Kitaifa la Takwimu Nchini (KNBS) utaikuta. Sh5,995 ndicho kilikuwa kiwango cha umaskini cha mijini katika utafiti mkubwa wa bajeti za familia wa 2015/16. Na soma vizuri: hicho ni kiwango cha mtu mzima mmoja kwa mwezi, wala si cha familia nzima. Cha mashambani kilikuwa Sh3,252. Nazo Sh23,670 na Sh120,000? Hizo ni mipaka ambayo KNBS iliitumia kwa miaka kwenye takwimu za bei ili kugawa familia za Nairobi kuwa za kipato cha chini, cha kati na cha juu, kwa kuangalia matumizi yao ya Oktoba 2008. Nambari tatu kati ya nne kufanana hadi shilingi ya mwisho, halafu uniambie ni sadfa? Wee!

Yaani mwanafunzi wa kutoka Kuresoi mwaka wa 2024 anapimwa kwa rula ya Nairobi ya 2008, wakati M-Pesa ilikuwa na mwaka mmoja na nusu hivi tangu ianze. Takwimu hizo hizo za KNBS zinaonyesha bei zilipanda karibu maradufu kati ya Februari 2009 na Februari 2019. Baada ya hapo ikaja 2022, ule mwaka pakiti ya unga ya kilo mbili ilipita Sh200, na sidhani unahitaji nikukumbushe.

Sasa turudi kwa mathe na swali lake. Tuchukue boma la kubuni kule Molo. Kuna baba, mama, wewe uliye chuoni, mdogo wako wa miaka tisa na kitindamimba wa miaka mitatu. KNBS haihesabu vichwa tu. Mtu wa miaka 15 na zaidi ni mmoja kamili, mtoto wa miaka 5 hadi 14 ni 0.65, na aliye chini ya miaka mitano ni 0.24, kwa sababu hawali sawa. Kwa hesabu hiyo boma lenu ni watu wazima 3.89.

Mnapanda viazi misimu miwili. Tuseme kila msimu mnauza vya Sh45,000, jumla Sh90,000 kwa mwaka. Ondoa mbegu, mbolea, dawa ya kupulizia na vibarua, Sh40,000. Mnabaki na Sh50,000. Ng'ombe anatoa lita nne za kuuza kwa siku, Sh45 kwa lita, kwa miezi minane. Hiyo ni Sh43,200. Ondoa Sh12,000 za chakula chake na daktari, inabaki Sh31,200. Dada yako anayefanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha hutuma Sh2,000 kila mwezi, Sh24,000 kwa mwaka. Jumla yote: Sh105,200. Gawanya kwa miezi 12, unapata kama Sh8,767.

Je, boma hili liko bendi gani? Akija mtu wa fomu mwezi wa Agosti, viazi vimetoka tu kuuzwa, mzee ana Sh45,000 mkononi: bendi ya tatu. Akija Machi, ng'ombe amekauka na pesa zote zimezikwa shambani, cha kutegemea ni zile elfu mbili za dada: bendi ya kwanza. Akiwa na subira ahesabu mwaka mzima, ni bendi ya pili. Familia ile ile, sufuria ile ile, bendi tatu.

Na bado hatujahesabu wanachokula bila kununua. Viazi, sukuma, mahindi ya ghalani, maziwa ya chai. Wewe unayekaa keja ya Section 58 au Pipeline unajua vitu hivyo vina bei, maana unavinunua. Tuseme vina thamani ya Sh4,000 kwa mwezi. Boma sasa lina Sh12,767. Gawanya kwa watu wazima 3.89: Sh3,282 kwa kila mmoja. Kumbuka kiwango cha umaskini mashambani cha 2015/16 ni Sh3,252. Yaani hawa watu wa bendi ya pili wamepita mstari wa umaskini kwa shilingi 30, na mstari wenyewe ni wa bei za karibu miaka kumi iliyopita. Kwa bei za leo wako chini yake.

Ukitaka kushangaa zaidi, chukua boma hilo hilo ulipe Sh5,995 kamili, ule mpaka wa bendi ya kwanza. Ni Sh1,541 kwa kila mtu mzima. Ule utafiti wa 2015/16 ulisema mtu mzima mashambani anahitaji Sh1,954 kwa mwezi kwa chakula peke yake. Kwa hiyo ili familia ya watu watano ihesabiwe kuwa maskini kabisa, ilipaswa iwe haiwezi hata kula kwa bei za 2016. Familia iliyofanikiwa kula vizuri, basi hiyo ina uwezo, ipelekwe bendi ya pili.

Hili ndilo linaloniudhi. Serikali kukisia si kosa. Kila nchi yenye wakulima wengi hukisia, na zipo njia nzuri za kukisia. Kosa ni kuokota nambari ya mtu mmoja ukaivalisha familia, kuokota ya mjini ukaipeleka kijijini, na kuokota ya 2008 ukaitumia 2024 bila hata kuipandisha kulingana na bei.

Kuna wakati wanasiasa nao hutuchezea na nambari kutoka upande wa pili. Mapema 2019 KNBS ilipotoa kwa mara ya kwanza ripoti ya uchumi wa kila kaunti, Nakuru ilikuwa ya pili nyuma ya Nairobi kwa mchango wake katika uchumi wa nchi kati ya 2013 na 2017, asilimia 6.1. Tulijigamba sana. Lakini ndani ya hiyo asilimia 6.1 kuna umeme wa mvuke wa Olkaria, kuna maua ya Naivasha, kuna viwanda vya mjini. Umeme wa Olkaria ukizalishwa, unahesabiwa kuwa wa Nakuru. Je, umeingia kwenye mfuko wa mkulima wa Keringet? Ukigawanya uchumi wa kaunti kwa idadi ya watu hupati mapato ya familia. Unapata wastani wa kitu ambacho familia nyingi hazijawahi kukishika.

Wastani wenyewe ni mjanja. Tuseme kijijini kuna maboma saba. Moja linapata Sh4,000 kwa mwezi, mengine Sh6,000, Sh7,000, Sh9,000, Sh11,000 na Sh15,000. La saba ni la bwana mwenye malori ya kubeba viazi, Sh200,000. Wastani ni Sh36,000, na kwa wastani huo kijiji kizima ni bendi ya tatu. Lakini mtafute mtu wa bendi ya tatu hapo uniletee! Hayupo. Sasa wapange foleni kuanzia aliye chini hadi mwenye malori, umwendee aliye katikati kabisa. Ni yule wa Sh9,000, watatu nyuma yake na watatu mbele. Wataalamu huita hiyo mediani; mimi naiita boma la katikati. Mwenye malori akinunua lori la tano, wastani unaruka, boma la katikati halitikisiki. Ukitaka kujua maisha ya mashambani yamepanda au yameshuka, litazame hilo.

Na hapo ndipo kazi ngumu inapoanzia, kwa sababu kulifuata boma la katikati miaka nenda miaka rudi si rahisi. Sensa haisaidii moja kwa moja. Sensa ya 2019 iliuliza mabati, sakafu, stima, televisheni, pikipiki, mapato haikuuliza. Tafiti za KNBS nazo huhesabu zaidi matumizi kuliko mapato, na kwa hili nawaunga mkono. Mkulima hukumbuka alichokula wiki jana na karo aliyolipa Januari kuliko "mapato" ya mwaka, ambayo hakuwahi kuyaona yakiwa pamoja mahali pamoja. Tena ule utafiti wa 2015/16 ulienda miezi 12 mfululizo, Septemba hadi Agosti, ili wengine wahojiwe wakati wa mavuno na wengine wakati wa njaa. Huyo ndiye aliyesikia swali la mathe.

Lakini ulihusu familia 24,000 nchi nzima. Gawanya kwa kaunti 47, ni kama 510 kwa kila kaunti. Sensa ya 2019 ilipata Nakuru ina familia 616,046. Mia tano na kitu zinaweza kukupa picha ya kaunti kwa ujumla. Haziwezi kukuambia Kuresoi Kusini iko tofauti na Rongai. Ukiona mtu ana mapato ya kila wadi hadi senti, muulize ameyapata wapi. KNBS ilijaribu hilo ikishirikiana na shirika la SID mwaka 2013, kwa kuunganisha sensa ya 2009 na utafiti wa 2005/06: unachukua familia zilizohojiwa kwa kina, unaangalia zina nyumba na mali gani, kisha unakisia za jirani ambazo sensa ilizihesabu tu. Ni ufundi mzuri, ila ni makisio, na lazima yaandikwe kuwa makisio.

Halafu kuna historia yetu. Chukua mashamba ya juu ya Molo na Kuresoi. Kuna wakati Kenya iliuza sehemu kubwa ya pareto duniani, na pareto ilisomesha watu wengi huku kwetu. Bodi yake ilikuwa hapa Nakuru. Sekta ikaporomoka mapema miaka ya 2000, wakulima wakakaa bila malipo, wengi wakang'oa. Utafiti wa 2005/06 ulizikuta familia hizo zimeshaanguka. Ukianza mstari wako wa grafu hapo, kila kitu baadaye kitaonekana kama kupanda. Ukiuanzisha enzi za pareto, hadithi ni nyingine kabisa.

Kisha ikaja ghasia ya mapema 2008. Watu walitoka Kuresoi na Molo wakalala kwenye uwanja wa maonyesho wa Nakuru, na wengi hawakurudi walikotoka. Kwa hivyo "familia za mashambani Nakuru" za 2005/06 na za 2015/16 si watu wale wale. Boma la katikati linaweza kupanda kwa sababu maskini wamefukuzwa, si kwa sababu wametajirika. Nambari peke yake haitakuambia.

M-Pesa nayo ilianza Machi 2007, katikati ya tafiti hizo mbili. Leo pesa yako ya Ijumaa jioni ni sehemu ya mapato ya nyumbani. Ila pia wewe kuondoka ni sehemu ya hesabu. Ulipokuwa nyumbani ukifanya boda boda, pesa yako ilihesabiwa pale. Ulipohamia mjini, boma likapungua mtu na mapato pamoja, na kwenye karatasi familia "imeshuka" wakati pengine kila mmoja anakula vizuri zaidi. Wastani wa watu kwa familia Nakuru mwaka 2019 ulikuwa 3.5 tu. Ukilinganisha mapato ya familia bila kuangalia familia zina watu wangapi, utajidanganya.

Mipaka je? Sisi wa Nakuru tuna bahati kidogo, kaunti yetu inakaribiana sana na wilaya ya zamani. Jirani zetu wa Baringo inabidi waunganishe wilaya ya Baringo na ya Koibatek kabla ya kulinganisha chochote. Na usidhani ukishapata nambari ya jirani unaweza kuikopa: 2015/16 umaskini ulikuwa asilimia 29.1 Nakuru, 22.6 Narok na 48.8 Bomet. Narok na Bomet zimepakana!

Kuna watakaosema tusijisumbue, watu watadanganya tu. Kweli, mzee akiona mtu wa fomu anaweza kuficha ng'ombe. Mwingine ataongeza ili asidharauliwe. Ndiyo maana hupimi kwa swali moja kwenye intaneti. Unauliza kilicholiwa, kilichouzwa, kilichotumwa, kwa miezi tofauti, na unamuuliza mtu ambaye jibu lake halitamwongezea karo wala ada. Utafiti hauna bili mwisho wake. Fomu ya bendi inayo.

Na bili zinaongezeka. Tangu Oktoba 2024 SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, mzazi asiye na mshahara anatakiwa kulipa asilimia 2.75 ya mapato ya familia, kiwango cha chini kikiwa Sh300 kwa mwezi, na mapato yenyewe yanakadiriwa kwa maswali kuhusu nyumba na mali. Boma letu la Molo, kwa Sh8,767, asilimia 2.75 ni Sh241, kwa hivyo lilipe ile Sh300, yaani Sh3,600 kwa mwaka. Mtambo ukiona ukuta wa mawe uliojengwa na marehemu guka na ng'ombe zizini ukakisia Sh20,000, ada inakuwa Sh6,600. Nyongeza ya Sh3,000. Hiyo ni mbolea.

Ninachotaka si kikubwa. Mipaka ya bendi ihesabiwe kwa mtu mzima, si kwa familia, na ipandishwe kila mwaka bei zikipanda. Mashambani na mijini vitenganishwe. KNBS imekuwa na utafiti wa kila mara wa familia, ule uliotupa takwimu za umaskini za 2021 na 2022, kwa hivyo itangaze pia boma la katikati la kila kaunti, la shambani kando na la mjini kando, na pembeni iandike bei ni za mwaka gani na makisio yanaweza kukosea kwa kiasi gani. Na kaunti ya Nakuru iache kutuonyesha Olkaria kila tunapouliza kuhusu Kuresoi. Mpango wake wa maendeleo wa 2023 hadi 2027 utakapofika mwisho, kutakuwa na vikao vya maoni ya umma kuhusu ujao. Huko ndiko pa kuuliza.

Kwa sasa, kama una mdogo wako anayemaliza Kidato cha Nne, mwambie mathe aanze daftari. Lita zilizouzwa, magunia yaliyotoka, mbolea iliyonunuliwa, pesa iliyotumwa, kila mwezi kwa tarehe. Mwaka 2024 wanafunzi waliruhusiwa kukata rufaa dhidi ya bendi walizopewa, na wengi walikuwa na malalamiko tu mkononi. Daftari la miezi 12 linamjibu mtu wa fomu kabla hajauliza mwezi upi.